Lugha Kinywani mwa Mwimbaji wa Ridhaa: Kuhusu Mazoezi ya «Requiem ya Kijerumani» ya Brahms

Wataalamu wa lugha wanapouchunguza uimbaji, aghalabu huutazama kwa jicho la fasihi: huuliza wimbo umesema nini, kwa vina gani na mizani gani, na umetungwa na nani. Ni nadra kuulizwa swali lililo duni zaidi kwa sura yake, nalo ni hili: mtu asiye mwanamuziki kwa kazi, aliyeshinda mchana kutwa ofisini au dukani, hufanya nini na ulimi wake, meno yake na pumzi yake ili maneno ya utungo mkubwa yatoke kinywani mwake sawasawa na yale ya wenzake sabini au themanini? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuchukua mfano mmoja, yaani mazoezi ya Ein deutsches Requiem, utungo wa kwaya wa Johannes Brahms (1833–1897), ambao tangu karne ya kumi na tisa umekuwa miongoni mwa tungo zinazoimbwa sana na kwaya za ridhaa nchini Ujerumani na kwingineko.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Kiswahili husema «wa ridhaa», na hivyo hutilia mkazo hiari ya mtu: ameridhika kufanya jambo bila ya ujira. Kijerumani humwita mwimbaji kama huyo Laie, neno lililotokana na Kiyunani lenye maana ya mtu wa umma, asiye kasisi. Hapo mkazo uko katika kile alichokikosa, kwa kuwa hakupewa daraja. Lakini wanamuziki wa Kijerumani wa karne ya kumi na nane walikuwa pia na neno Liebhaber, yaani mpenzi, na Carl Philipp Emanuel Bach alizitoa baadhi ya tungo zake za kinanda kwa ajili ya wajuzi na wapenzi, makundi mawili yaliyotajwa pamoja bila ya moja kudharauliwa. Mwaka 1791 Carl Friedrich Christian Fasch alianzisha mjini Berlin chama cha Sing-Akademie, ambacho kiliwakusanya wanawake kwa wanaume wa mji waimbe pamoja. Ni kwaya hiyo, wala si kwaya ya mfalme wala ya kanisa, iliyoimba mwaka 1829 chini ya kijana Felix Mendelssohn ule utungo wa Johann Sebastian Bach wa Mateso kwa Mathayo, ambao ulikuwa umekaribia kusahaulika. Tangu hapo miji mingi ya Ujerumani ilikuwa na chama chake cha waimbaji, na watungaji wakubwa waliandika wakijua kwamba watakaoimba ni hao.

Brahms aliwajua vizuri zaidi kuliko wengi. Aliongoza kwaya katika mji mdogo wa Detmold, kisha kwaya ya wanawake mjini Hamburg alikozaliwa, na mwaka 1863 akaitwa Vienna kuiongoza Singakademie ya huko. Alijua koo za watu wa kawaida hufika wapi. Kwamba hakuzionea huruma katika Requiem ni jambo jingine.

Utungo huu ulikua kwa vipande. Rafiki yake mkubwa, Robert Schumann, alifariki mwaka 1856, na mama yake mwezi wa Februari 1865. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kati ya mwaka huo na 1868. Sehemu tatu za kwanza ziliimbwa Vienna mwezi wa Desemba 1867, zikapokewa kwa makofi na mizomeo pia. Mpiga ngoma aliipiga kwa nguvu mno katika sehemu ya tatu hata waimbaji wakafunikwa. Ijumaa Kuu ya mwaka 1868, tarehe 10 Aprili, sehemu sita ziliimbwa katika kanisa kuu la Bremen, Brahms mwenyewe akiongoza kwaya iliyokwisha kutayarishwa na Karl Reinthaler. Sehemu ya tano, yenye sauti ya pekee ya mwanamke, iliongezwa baadaye, na kazi nzima yenye sehemu saba ikasikika Leipzig mwezi wa Februari 1869.

Jina la utungo ndilo linalomhusu mwanaisimu. Requiem ni neno la Kilatini, nalo ni jina la ibada ya wafu ya Kanisa Katoliki, ambayo maneno yake yalikuwa yamewekwa kwa karne nyingi na hayakuwa ya mtungaji kuchagua. Brahms hakuigusa ibada hiyo. Aliifungua Biblia ya Luther, ambaye Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1522 na Biblia nzima mwaka 1534, akachagua mwenyewe mafungu kutoka Zaburi, Isaya, Mathayo, Yohana, nyaraka na Ufunuo. Aliongeza na mafungu kutoka Hekima ya Sulemani na Yoshua bin Sira, vitabu ambavyo msomaji wa Kiswahili hana budi kuvitafuta katika Biblia ya Kikatoliki. Kwa hiyo deutsch katika jina hili ina maana ya lugha kwanza, si ya taifa. Ni maombolezo yanayosemwa katika lugha ambayo mfiwa huitumia nyumbani. Heinrich Schütz alikwisha kufanya jambo la namna hiyo mwaka 1636 alipotunga muziki wa mazishi kwa Kijerumani. Reinthaler alipomwandikia Brahms kwamba maneno aliyoyachagua hayamtaji Kristo kwa jina, Brahms alijibu kuwa angekuwa radhi hata kuliondoa neno «Kijerumani» na kuweka mahali pake neno la kumaanisha binadamu. Wasomi wanaoendesha mijadala juu ya lugha ya mama na lugha ya elimu watatambua kwamba mambo haya mawili, lugha ya mtu na utu wa watu wote, hayakupingana akilini mwa mtungaji huyu.

Mazoezi

Kijerumani huliita zoezi la kwaya Probe, maana yake jaribio. Kiswahili huliita zoezi, kutokana na kitenzi zoea. Anayeijua kazi yenyewe atakubali kwamba Kiswahili kimekaribia ukweli zaidi, kwani jioni moja kwa juma, kwa muda wa miezi kadhaa, mwimbaji wa ridhaa hajaribu kitu, anazoea. Hana okestra mbele yake. Ana kinanda kimoja, mwongozaji, kitabu chenye sauti nne na sehemu ya kinanda, na penseli. Penseli ni chombo cha lazima. Kitabu kilichotumika kwa tungo hili kikifika mwisho huwa kimejaa alama: mahali pa kuvuta pumzi, miwani iliyochorwa juu ya noti ambayo watu huikosa kila mara kwa kutomtazama mwongozaji, na herufi t iliyozungushiwa duara.

Noti zenyewe hufundishwa kwa kila sauti peke yake. Mwenye kuzoea sol-fa, kama walivyo waimbaji wengi wa Afrika Mashariki, atapata mlango mwepesi: sauti ya kwanza katika sehemu ya kwanza huanza kwa do, mi, fa, hatua tatu ambazo mtoto wa shule huziweza, na hatua hizo hurudi kwa sura mbalimbali katika utungo mzima. Ugumu ni kwamba kwaya huingia hapo taratibu, karibu bila ya ala yoyote, na ala zinaporudi husema wazi kama waimbaji wameteremka au la. Okestra ya sehemu hiyo haina fidla za kawaida. Zimeachwa kimya, na sauti nzito za vyombo vya nyuzi ndizo zinazosikika. Mwimbaji aliyezoea kinanda cha mazoezi hushangaa siku ya kwanza ya kuimba na okestra, kwa kuwa sauti aliyokuwa akiitegemea imegeuka giza.

Baada ya noti huja maneno, na hapa mwongozaji mwenye akili huwanyamazisha waimbaji wasiimbe. Huwataka waseme. Kwaya nzima husoma maneno kwa mapigo ya muziki lakini bila ya tuni, mara ya kwanza polepole, kisha kwa kasi yake, kama darasa la watoto wanaosoma kwa pamoja. Hapo ndipo lugha inapodhihirika kuwa kazi ya misuli.

Konsonanti za mwisho

Tofauti kubwa kati ya Kijerumani na Kiswahili kwa mtu anayeimba si maana wala sarufi, bali umbo la silabi. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, au ni nazali inayosimama yenyewe kama m katika mtu, ambayo mwimbaji huipa noti yake bila ya taabu. Mwimbaji wa Kiswahili akifika mwisho wa neno huwa na irabu mdomoni, na anaweza kuikata au kuirefusha apendavyo. Mwimbaji wa Kijerumani hufika mwisho wa neno akiwa na mzigo wa konsonanti ambazo haziimbiki. Litazamwe neno Schmerz, linalopatikana katika sehemu ya pili, lenye maana ya maumivu. Lina irabu moja tu. Mbele yake zimo sh na m, nyuma yake zimo r na ts. Mtungaji ametoa noti moja kwa neno zima; katika noti hiyo ni e pekee inayoweza kubeba sauti. Konsonanti za mbele hazina budi kutamkwa kabla ya pigo ili irabu ianguke juu ya pigo lenyewe, na zile za nyuma zicheleweshwe mpaka noti imalizike.

Mtu mmoja akiimba peke yake hilo si tatizo. Lakini watu themanini wakifika kwenye t ya mwisho wa neno, kila mmoja kwa wakati wake, husikika mchakato kama manyunyu juu ya paa la mabati. Ndiyo sababu ya zile herufi zilizozungushiwa duara. Mwongozaji huamua kwamba t itatamkwa juu ya pigo la tatu, au juu ya nukta ya kimya inayofuata, na kila mtu huandika. Katika kwaya nyingi kosa hili hurekebishwa mara nyingi kuliko kosa la noti, na wageni wanaosikiliza mazoezi kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mwongozaji ana chuki na herufi hiyo.

Konsonanti ghuna nazo hupoteza mghuno wake mwishoni mwa neno: Tod, kifo, huandikwa kwa d na kutamkwa kwa t. Herufi s mbele ya irabu husikika kama z, na herufi z husikika kama ts. Mambo haya hujifunza kwa siku moja.

Yasiyojifunza kwa siku moja ni ch na irabu za mbele zinazotamkwa kwa mdomo wa mviringo. Kijerumani kina ch mbili. Ile inayofuata irabu za nyuma, kama katika Stachel, mwiba au uchungu wa kuchoma, ni ile kh ambayo Mswahili wa pwani huijua tangu utotoni katika maneno yenye asili ya Kiarabu. Ile inayofuata irabu za mbele ni kikwamizo cha kaakaa gumu: ulimi hukaa mahali pa y, lakini pumzi hupita bila ya mghuno. Irabu ü hupatikana kwa kutamka i huku midomo ikiwa na umbo la u. Ö hupatikana kwa e na midomo ya o. Mwimbaji asiyekuwa Mjerumani akiimba müssen au getröstet huwa salama kwenye noti fupi. Noti ikiwa ndefu midomo huchoka, nayo irabu huteleza kurudi kwenye i au e aliyozaliwa nayo.

Yamkini msomaji atadhani kwamba Wajerumani wenyewe hawana shida hizi. Wanazo. Matamshi yanayotakiwa katika uimbaji wa namna hii yanafanana na yale yaliyowekwa kwa ajili ya jukwaa la tamthilia na Theodor Siebs mwaka 1898, na hayo si lahaja ya nyumbani ya mtu yeyote. Kiambishi -ig, kinachopatikana katika maneno makuu ya Requiem kama selig, ewig na geduldig, hutamkwa kwa ile ch laini. Lakini mtu wa kusini mwa Ujerumani kwao husema -ik, na s yake ya mwanzoni haina mghuno. Hali kadhalika r. Wajerumani wengi huitamka nyuma ya kinywa, ilhali uimbaji wa kale huitaka ya ncha ya ulimi. Katika hiyo mwimbaji wa Kiswahili amewatangulia, maana r yake ndiyo hiyo hiyo. Kwa hiyo kwaya ya Kijerumani inayoimba Kijerumani nayo inajifunza lugha, na mwanachama kutoka Bavaria aketiye karibu na mwanachama kutoka Hamburg husahihishwa naye.

Kukimbizana kwa sauti

Sehemu ya tatu na ya sita huishia kwa muundo uitwao fuga, ambao sauti moja huanza tuni, ya pili huifuata kwa tuni ile ile huku ya kwanza ikiendelea, kisha ya tatu na ya nne. Jina hilo ni la Kilatini na lina maana ya kukimbia. Kiswahili kina neno lenye umbo hilo hilo na maana iliyo kinyume kabisa, kwani anayefuga humzuia mnyama asikimbie. Katika sehemu ya tatu maana zote mbili zimekutana: sauti nne zinakimbizana, lakini vyombo vizito vya okestra vinashikilia noti moja, re, kwa mida yote 36 bila ya kuiachia. Ndiyo noti iliyoharibiwa na mpiga ngoma wa Vienna. Maneno ya hapo yanasema juu ya roho za watu wema zilizo mkononi mwa Mungu, na ni vigumu kutoiona noti ile kuwa ndiyo mkono wenyewe, ingawa Brahms si mtu wa kueleza mafumbo yake.

Kwa mwimbaji wa ridhaa fuga ni mahali pa kupotea. Hasikii tena neno zima. Wenzake wa sauti nyingine wako katika silabi nyingine. Kinachomwokoa ni mkazo wa lugha. Akijua kwamba Seelen, roho, ina mkazo katika silabi ya kwanza na kwamba e ya mwisho ni dhaifu, ataipunguza hiyo ya mwisho hata kama iko juu ya noti ya juu, na umbo la neno litamwonyesha njia. Mswahili hapa hukosea kwa sababu ya wema: irabu za lugha yake zote zina haki sawa, naye huipa ile e dhaifu uzito kamili.

Pumzi pia hupangwa. Kishazi kirefu kuliko kifua cha mtu huimbwa kwa zamu: hakuna anayevuta pumzi pale anapovuta jirani yake, wala mahali ambapo kila mtu angetamani kuvuta, yaani kati ya maneno kwenye mwisho wa mstari. Mtu huacha katikati ya irabu, huingiza hewa kimya, na kurudi polepole kana kwamba hakuwahi kuondoka. Msikilizaji husikia pumzi moja isiyokatika, ambayo hakuna mtu hata mmoja miongoni mwa waimbaji aliyekuwa nayo.

Heri

Je, utungo huu waweza kuimbwa kwa Kiswahili? Swali si la mzaha, kwa kuwa Brahms mwenyewe alilikimbia Kilatini ili watu waelewe, na mjini London ulipoimbwa mara ya kwanza mwaka 1871, nyumbani kwa mtu na kwa kinanda cha mikono minne, uliimbwa kwa Kiingereza. Neno la kwanza na la mwisho la kazi nzima, selig, lina silabi mbili na mkazo katika ya kwanza. Neno ambalo watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilichagua mahali hapo ni heri: silabi mbili, mkazo katika ya kwanza. Bahati kama hiyo ni adimu. Hata herufi yake ya mwanzo, kwa wale wanaoitamka kheri kama wazee, ina ule ukwaruzo ambao Kijerumani kimeuweka mwishoni.

Bahati yenyewe haifiki mbali. Neno Gras lina silabi moja, na majani yana tatu. Getröstet ina tatu, watafarijiwa ina sita. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mtendwa, wakati, na hali ya kutendwa ndani ya neno moja. Kijerumani kimevigawa katika maneno kadhaa mafupi. Mfasiri atalazimika ama kuongeza noti, jambo ambalo baadhi ya watu huliona kufuru, ama kutafuta kauli fupi zaidi na kuacha maneno ya Biblia ambayo waumini wanayajua kwa moyo. Hilo la pili ndilo hasara kubwa zaidi. Nguvu ya maneno ya Brahms kwa Mjerumani ilitokana na kwamba alikwisha kuyasikia makaburini. Tafsiri iliyonyooka kimuziki lakini isiyowahi kusikika makaburini ingekuwa imetupa kile kilichotafutwa. Kwaya itakayojaribu ingefanya vyema kuanza na sehemu ya nne, iliyo fupi na tulivu, ambayo Zaburi yake huvumilia maneno mengi kuliko fuga yoyote.

Sehemu mbili za mwisho

Sehemu ya sita ndiyo inayochosha. Kwaya huanza kwa mwendo wa polepole kama watu wasio na makao, kisha mwimbaji wa pekee hutangaza siri, na kwaya huyashambulia mauti na kuzimu kwa sauti ya juu kabisa, Tod na Hölle zikirudiwa kama maswali ya dharau. Baada ya hapo hufuata fuga ndefu. Mwimbaji asiye na mafunzo huweza kuipoteza sauti yake yote hapa, na mwongozaji mwenye uzoefu humwambia mapema atumie konsonanti badala ya koo: T ya Tod ikitamkwa kwa nguvu na kwa pamoja husikika kali kuliko kelele yoyote.

Sababu ya kuweka akiba ni sehemu ya saba. Sauti ya kwanza huianza peke yake miongoni mwa waimbaji, juu, mara tu baada ya uchovu huo, kwa neno lile lile la mwanzo. Katika sehemu ya kwanza heri ilikuwa ya wanaoomboleza. Sasa ni ya waliokufa. Mazoezini hapo ndipo hutokea kwamba mtu anyamaze. Kwaya ya ridhaa ina watu wa rika zote, na katika miezi ya kuandaa utungo huu huenda mmoja akawa amezika, au kiti cha mwenzake wa miaka mingi kiko wazi. Mwimbaji wa kulipwa amefundishwa kuimba hata hivyo. Mwenzake wa ridhaa hana mafunzo hayo, lakini ana ile kanuni ya pumzi: anaweza kuacha katikati ya irabu, na jirani zake watashikilia noti mpaka atakaporudi.

Mwishoni kabisa vinubi hupanda, na kwaya husema selig mara ya mwisho kwa sauti ya chini sana. Silabi ya pili ni dhaifu, noti yake ni ndefu, na mwisho wake ni ile ch ya kaakaa gumu, ambayo haina mghuno na ni pumzi tupu. Ikitamkwa mapema hubaki irabu bila ya neno. Ikitamkwa kwa nguvu husikika kama mtu anayewanyamazisha watoto. Waongozaji wengi hulirudia zoezi la silabi hiyo moja jioni ya mwisho kabla ya onyesho, kwaya nzima imesimama, kinanda kikiwa kimya, mpaka watu themanini wauachie mlio huo kwa wakati mmoja.